Dakika Ishirini na Tano za Don Arcesio

Ukutani pa kiwanja chetu cha ndege, juu ya kaunta, kuna bango alilolipaka rangi meya mmoja aliyekuwa akitafuta kura: BAHÍA CANDELA MPAKA QUIBDÓ, KILOMITA THEMANINI, DAKIKA ISHIRINI NA TANO. Meya alianguka, bango likabaki. Na chini ya bango hilo, kwa zaidi ya miaka ishirini, alikaa Don Arcesio Valoyes, kalamu sikioni, masharubu yamepakwa piko, akitutazama sisi abiria kama mchinjaji anavyotazama foleni ya kuku.

Barabara hatuna. Kati yetu na Quibdó kuna milima, msitu, na mvua ambayo haijawahi kusikia neno kiangazi. Asiyetaka ndege apande boti ya mizigo kwenda Buenaventura, atapike kutwa kucha, kisha azunguke nusu ya Kolombia kwa basi ili afike mahali ambapo tai wetu huenda kula mzoga asubuhi na kurudi kulala. Kwa hiyo ni ndege. Na ndege ilikuwa Don Arcesio.

Ile ndege ya shirika la Aeroguadua ni ndogo. Ukikaa kiti cha mbele unaweza kumkuna rubani mgongo. Ndiyo maana abiria hupimwa uzito, na hupimwa pamoja na kila alichonacho: kikapu, mkungu wa ndizi, jogoo, mtoto. Mizani ni ile ya bamba la chuma na uso wa saa wenye mshale, na Don Arcesio alikuwa akiusoma mshale kwa sauti ya padri anayetangaza ndoa.

"Doña Eufemia! Mwaka jana ulikuja mmoja, mwaka huu mmekuja wawili!"

"Ni mifupa yangu mizito, Don Arcesio."

"Mifupa haitikisiki, mama. Sogea pembeni."

Kusogea pembeni maana yake ni kubaki. Kila safari kulikuwa na wawili watatu waliosogezwa pembeni kwa sababu ndege imejaa uzito, hata kama macho yetu yaliona viti viwili vya nyuma ambavyo havijawahi kukaliwa na tako la binadamu. Ukilalamika, alinyoosha kalamu juu, kwenye bango.

"Unapiga kelele za nini? Quibdó imehama? Dakika ishirini na tano tu! Njoo Jumamosi."

Jumamosi ukija, anakuambia Jumanne. Kwa hesabu za shirika, safari inaanza magurudumu yanapoacha ardhi. Kwa hesabu zetu, inaanzia kwenye mizani, na wengine wamezeekea hapo. Yuko bwana mmoja aliyesogezwa pembeni mara nyingi hadi akaoa muuza kahawa wa kiwanjani. Huyo angalau alipata kitu.

Aliyepata hasara kuliko wote ni Doña Clímaca Asprilla, mpika biche, ile pombe yetu ya miwa inayotibu kila ugonjwa isipokuwa ule inaouleta yenyewe. Mwanamke mrefu, mkavu, ulimi kama panga la kufyekea. Miaka mitatu iliyopita kaka yake alifariki Quibdó. Doña Clímaca alikuja kiwanjani na kikapu cha mishumaa na chupa za biche, kwa sababu usiku ule ulikuwa wa tisa.

Usiku wa tisa kwetu hauna mchezo. Mtu akifa, nyumbani kwake hujengwa madhabahu ya ngazi kwa mashuka meupe, juu hufungwa kitambaa cheusi mfano wa kipepeo, chini huwekwa glasi ya maji, maana safari ya marehemu inatia kiu. Siku nane unaweza kuchelewa, kulewa, hata kugombana na wajane wake wote watatu. Lakini alfajiri ya kuamkia siku ya kumi tunaanua matanga: wanawake wanaimba, ngazi zinabomolewa moja moja, na marehemu anatoka mlangoni asirudi tena. Usipokuwepo, hukumuaga. Na maiti hana tabia ya kungoja abiria wa Jumamosi.

Doña Clímaca alipanda mizani. Don Arcesio akausoma mshale, akasema uzito umezidi.

"Uzito gani? Mimi nikisimama ubavu hata jua halinioni!"

"Mshale hausemi uongo, mama."

"Kaka yangu anaondoka alfajiri, Don Arcesio. Nakuomba."

"Kwani Quibdó inakimbia? Dakika ishirini na tano tu. Jumamosi nakupa kiti cha dirishani."

Ndege iliruka. Alfajiri ile, Doña Clímaca alisimama ufukweni peke yake, ameelekeza uso kwenye milima, akaimba wimbo wa kuanua matanga wa kaka yake kutoka umbali wa kilomita themanini. Tulimsikia tukiwa vitandani. Hakuna aliyefungua dirisha, tuliona haya. Tangu siku hiyo hakumsalimia Don Arcesio, na akimwuzia biche anaitemea mate kwanza. Don Arcesio aliinunua hivyohivyo. Mlevi hachagui maji ya kuchanganyia.

Sasa mama yake Don Arcesio, Doña Pastora, alikuwa akiishi Quibdó kwa binti yake Leocadia. Bibi mwenye huruma hata kwa mbu. Kila aliyepita Quibdó kutoka pwani alilala kwake na kulishwa wali na jibini. Namna alivyomzaa Arcesio ni fumbo ambalo hata parokia haijalifumbua. Mwezi wa Februari, wakati wa changu wengi baharini, bibi akafa usingizini.

Leocadia alipiga simu kaunta, na Don Arcesio, kwa kuwa ni kiziwi kidogo, alikuwa ameweka spika. Foleni nzima tukasikia.

"Mama amefariki. Njoo leo."

"Leo mvua, dada. Ndege haitui."

"Kesho basi. Tunazika kesho."

Kesho yake mvua haikunyesha, ila Don Arcesio hakwenda. Alipeleka pole. Keshokutwa pia. Siku ya nne Leocadia akapiga tena, sauti imekauka kama samaki wa chumvi.

"Arcesio, kila jirani anaketi na mama isipokuwa mwanawe. Una mguu mbovu?"

"Nina kazi, Leocadia. Huu ndio msimu. Kwani hapo ni Uchina? Dakika ishirini na tano tu. Usiku wa tisa nitakuwepo."

"Wewe na dakika zako! Usipokuwepo, mlango huu usiujue."

Tulitazamana. Yule mtu alikuwa ametudanganya kwa bango lile miaka nenda rudi, na kumbe uongo umemnogea hadi ameuamini mwenyewe. Alikuwa na mahali pa kukaa katika kila ndege, alikuwa na funguo, alikuwa na kalamu. Akajiona yeye na Quibdó ni mtu na choo chake: anakwenda akibanwa.

Siku ya tisa akabanwa. Ilikuwa Alhamisi, na ndege ni moja tu, ile ya kabla ya adhuhuri, kwa sababu mchana milima hujifunika na hakuna rubani anayetaka kuifunua. Don Arcesio alikuja na suti nyeusi aliyoolewa nayo, namaanisha aliyooa nayo, ingawa waliomjua mkewe wanasema neno la kwanza ndilo sahihi. Akatupima mmoja mmoja, haraka, bila hata matusi, tukajua ana huzuni. Wa mwisho alikuwa Doña Clímaca, aliyekuwa na miadi ya daktari wa macho aliyoisubiri tangu Krismasi.

Mshale ukapanda. Don Arcesio akajumlisha, akakuna sikio kwa kalamu.

"Uzito umejaa. Leo na mimi nasafiri, nina msiba. Sogea pembeni, mama. Jumamosi."

Doña Clímaca hakusogea. Aliweka kikapu chini, palepale kwenye bamba la mizani, kisha akakikalia.

"Nimesema shuka."

"Nishushe."

"Doña Clímaca, mama yangu anaondoka alfajiri!"

Hata jogoo wa abiria mmoja, aliyekuwa kwenye kapu, alinyamaza. Doña Clímaca akamtazama kwa macho yake mabovu, polepole, kuanzia viatu.

"Kwani Quibdó inakimbia?" akauliza.

Tulicheka. Siyo jambo la kujivunia, kucheka mbele ya mfiwa, lakini mwaka ule mvua ilikuwa nyingi na burudani chache.

Rubani, Kapteni Jaramillo, mtu wa Medellín, mwembamba, mwenye miwani myeusi na subira nyembamba zaidi, akaingia akigonga saa yake.

"Milima inafunga. Tatizo ni nini?"

"Huyu mama amezidisha uzito na hataki kushuka, Kapteni."

"Na yeye apimwe!" Doña Clímaca akamnyooshea kidole Don Arcesio. "Anasafiri, si anasafiri? Ndege yenu inawabeba wafanyakazi kwa nia njema tu, bila mizani? Na yeye apande tumwone."

"Apande! Apande!" foleni ikaitikia.

Kapteni akainua mabega. "Apimwe. Sheria ni sheria."

Doña Clímaca akashuka, ametoa kikapu chake kama malkia anayemwazima mtu kiti cha enzi. Don Arcesio akapanda. Katika miaka yote ile hatukuwahi kumwona juu ya bamba lile, na kwa jinsi alivyotazama chini, naye hakuwahi kujiona. Mshale ulikwenda, ukaendelea kwenda, ukapita mahali ambapo Doña Eufemia aliwahi kusimangwa mbele ya wakwe zake.

"Mwaka huu mmekuja watatu!" Doña Eufemia akapiga kelele kutoka nyuma. Alikuwa ameitunza sentensi ile muda mrefu.

Kapteni akainama, akasoma, akalinganisha na karatasi. "Don Arcesio, wewe ni mzito kuliko mama huyu. Kwa hesabu zako mwenyewe, anayepanda ni yeye. Wewe njoo Jumamosi."

Uso wa Don Arcesio ukageuka rangi ya majivu. Akavua koti la suti, akalitupa kaunta. Mshale ukarudi kidogo. Akavua viatu. Akatoa funguo, simu, mkanda wenye kifungo cha chuma kikubwa kama sahani. Akavua shati. Kitumbo kikatoka kupunga upepo.

"Masharubu!" mtu akashauri. "Yanyoe, hiyo piko peke yake ni robo kilo!"

"Mwacheni, anatubu!"

"Anatubu wapi, anachubuka!"

Akavua suruali. Nawaambia ukweli, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwanakamati wa sherehe ya Bikira wa Karmeli, alisimama kwenye mizani ya Aeroguadua amevaa chupi ya kijani ya timu ya Medellín, huku Kapteni naye akiitazama kwa chuki, kwa kuwa alikuwa shabiki wa timu nyingine ya jiji lilelile. Na mshale ulikuwa bado upande usiofaa.

Machozi yakamtoka. Hapo wengine tuliacha kucheka. Doña Clímaca hakuwa amecheka tangu mwanzo.

"Arcesio," akasema, bila hiyo Don. "Vaa suruali yako. Huna haja ya kuvua kitu. Sema tu mizani yako ni mwongo, basi."

"Mizani ni sawa."

"Basi baki nayo. Ikufanyie matanga."

Kapteni akageuka kwenda. "Naondoka."

Ndipo Don Arcesio aliposhuka, akapiga magoti na chupi yake, akaingiza mkono chini ya bamba la chuma. Alipapasa. Kikasikika kitu kikichomoka. Akatoa machubwi ya risasi, yale ya kuzamishia nyavu, yamefungwa pamoja kwa waya kama kichane cha ndizi mbichi. Akayaweka kaunta juu ya koti lake la msiba. Mshale, bila mtu yeyote juu ya bamba, ulijitikisa na kurudi kwenye sifuri. Ndipo tulipokumbuka kwamba hatukuwahi kuuona kwenye sifuri, na sote tulidhani ni kutu.

"Mizani ni mwongo," akasema.

"Sijasikia," akasema Doña Clímaca. "Macho mabovu, masikio nayo yanafuata."

"Mizani ni mwongo! Nimeifanya mwongo mimi! Mlikuwa wepesi, nyote mlikuwa wepesi!"

Sijui kama umewahi kuambiwa na adui yako kwamba hukuwa mnene. Ni raha yenye uchungu. Doña Eufemia alikaa chini. Kwa ajili ya mshale ule alikuwa ameacha ndizi za kukaanga mwaka mzima.

Kapteni Jaramillo alivua miwani yake, kwa mara ya kwanza tukaona ana macho. "Nauliza jambo moja. Kila abiria umemwongezea uzito asiokuwa nao. Lakini ndege yangu hupanda milima kama nguruwe mwenye mimba. Huo uzito wa hewa ulikuwa unaujaza na nini?"

Kapteni akatembea hadi mkiani mwa ndege, sisi nyuma yake kama watoto nyuma ya bendi, akafungua mlango wa mizigo, akavuta turubai lililoandikwa MALI YA SHIRIKA. Chini yake makasha ya barafu. Akafungua moja. Changu wekundu, wanono, macho yao yakitutazama bila aibu yoyote, wakisubiri kwenda kwenye hoteli za Medellín.

"Kumbe mimi miaka yote hii," akasema Kapteni, "nimekuwa narusha samaki wenye tiketi za watu."

Kuna waliotaka kumpiga palepale. Mmoja alimrushia kiatu chake mwenyewe. Bwana yule aliyeoa muuza kahawa alikuwa anamtazama mkewe, kisha makasha, kisha mkewe, kama mtu anayejiuliza amshukuru nani. Lakini Kapteni alikuwa na milima inayofunga. Akaamuru makasha yashushwe, yote, akatupima upya kwa mizani iliyotubu, na kumbe tulitosha wote. Doña Clímaca, kikapu, jogoo, na Don Arcesio pia. Tumekuwa tukitosha siku zote. Hilo ndilo lililotukera kuliko wizi wenyewe.

"Na huyu tunamchukua?" mtu akauliza.

Macho yakamgeukia Doña Clímaca. Kapteni naye akamgeukia, kana kwamba yeye ndiye mwenye ndege. Mama yule akarekebisha kitambaa cha kichwa. Kisha akasema, "Ana uzito halali. Apande. Mimi simpimi mtu kwa mkono wangu."

Basi akawekwa kiti cha nyuma kabisa, kimoja kati ya vile viwili, na Doña Clímaca akakaa kile kingine, bega kwa bega, maana hakukuwa na kwingine. Tulipoinuka tuliona kule chini, pembeni mwa njia ya ndege, moshi ukianza. Watu wa Bahía Candela walikuwa wamewasha kuni na kupanga changu wa Medellín juu ya mabati. Jiji lile lilikula nini usiku huo halituhusu.

Katika ndege hakuna aliyezungumza naye. Kuna ukimya wa kanisani na kuna ukimya wa watu wanaotafuta tusi linalotosha. Don Arcesio alitazama saa. Akatazama tena. Mvua ikaipiga ndege, tukashuka na kupanda kama biche kooni. "Bado?" akauliza. Akauliza tena, "Bado tu?" Nadhani ndiyo mara ya kwanza alipojua dakika ishirini na tano ni ndefu kiasi gani ukiwa na jambo upande wa pili.

Yaliyotokea Quibdó tunayajua wote, kwa kuwa nusu ya ndege ilikwenda msibani. Doña Pastora alikuwa ametulisha. Leocadia alisimama mlangoni, amevaa nyeupe, mikono kiunoni, na nyuma yake ngazi za mashuka zilionekana, na kipepeo mweusi, na glasi ya maji iliyopungua.

"Umefika," alimwambia kaka yake. "Umetumia muda gani?"

Don Arcesio alifungua mdomo. Tulimwona akiitafuta ile sentensi yake, ikaja hadi kwenye ulimi, akaimeza.

"Siku tisa," akasema.

Leocadia hakumkumbatia. Alisogea pembeni, upana wa mtu mmoja, apite. Ndani hakuna aliyempa kahawa, wala kiti. Alisimama karibu na jiko na suti yake iliyokunjamana, kama abiria aliyeambiwa asogee.

Alfajiri, wakati wa kuanua matanga ulipofika, mwimbaji waliyemwita alikuwa amekaukiwa sauti. Wanawake wakatazamana. Doña Clímaca akasimama kutoka kwenye kona, akatema mate mlangoni, akajifunga kanga yake vizuri. Don Arcesio alimsogelea, mikono imeshikana kifuani.

"Doña Clímaca. Mungu akulipe."

"Nyamaza," akamjibu. "Sikuja kwa ajili yako. Nimekuja kwa ajili ya mama yako. Yeye hakunipima."

Akaanza kuimba, na ngazi ya kwanza ikashuka.